Mwaka wa Kuta za Siku Tano

Mtu wa komite ya matanga aliposema kwamba marehemu Maître Anselme, mwalimu wetu wa uashi, alijenga watu kabla ya kujenga nyumba, niliweka sahani yangu chini. Tulikuwa chini ya hema la bluu katika kiwanja chake, mtaa wa Vulamba, Butembo, sisi wanafunzi wake wa zamani tukiwa tumepangwa upande mmoja kama kwaya, na wali ulikuwa bado wa moto. Yule mtu aliendelea kutaja majengo: makanisa, dispensaire, nyumba za ghorofa za wafanyabiashara. Aliposema "na shule kule Beni", watu waliitikia kwa kichwa, na mwanaume aliyeketi karibu nami, niliyesoma naye darasa moja, akaangalia viatu vyake. Mimi pia niliangalia viatu vyake. Miaka kumi na tano imepita, na sisi wawili bado hatuwezi kuangaliana usoni shule ile ikitajwa. Niliondoka kabla ya sala ya kufunga. Sikulia. Nilikuwa na hasira iliyonifanya nitembee kwa miguu mpaka nyumbani, nikipita pikipiki zote zilizoniita, na hasira hiyo ndiyo inayoandika sasa. Ninaandika polepole. Nilisoma shule ya primaire tu, na kalamu mkononi mwangu ni nzito kuliko mwiko wa muashi. Lakini nitaandika mwaka ule wote, kwa sababu kuna mtu anayeitwa Kakule ambaye hakupata brevet yake, cheti cha uashi, na aliandikwa mlevi katika karatasi yenye muhuri, wakati katika maisha yake hakuonja hata kasikisi, pombe ya ndizi ya sikukuu. Marehemu ndiye aliyetunga uongo huo. Mimi niliusaini.

Sitaeleza nilizaliwa wapi, wala jinsi msichana mmoja alivyoingia katika darasa la uashi lenye wavulana kumi na wanne. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na nilikuwa na haya kupita kiasi: nikiulizwa jina langu mbele ya watu, jina lilinipotea. Centre yetu ya mafunzo, Butembo, ilikuwa hangari moja ya mabati iliyoachwa wazi upande mmoja, na asubuhi ukungu uliingia ndani pamoja nasi. Jumatatu tulichimba udongo mwekundu, tukaukanyaga kwa miguu mpaka ukawa laini, na huo ndio uliokuwa mortier yetu ya kushika tofali. Simenti ilikuwa ya chantier, ya ujenzi wa kweli, Maître alisema. Mwanafunzi haharibu simenti. Alasiri hiyohiyo tulianza kupandisha ukuta: kona, makutano ya kuta mbili, nguzo, dirisha lenye upinde. Ijumaa asubuhi Maître alipita na timazi na niveau, yaani pimamaji, akatoa pointi, halafu saa nne akapiga makofi mara mbili na tukabomoa. Tulikwangua udongo kwenye kila tofali, tukazipanga tena uwanjani, tayari kwa Jumatatu. Tofali zilezile zilipita mikononi mwetu mwaka mzima mpaka pembe zake zikalika. Zililala nje chini ya mvua na ukungu, kwa hiyo siku zote zilikuwa za baridi na zenye unyevu, nyingine zimeota ukoga wa kijani. Hakuna aliyetuambia hata siku moja kwamba tofali ya kuchoma inalowanishwa kabla ya kuwekwa. Maji yalikuwa kwenye chemchemi kule chini bondeni, na nani angepanda mlima na bidoni kichwani kwa ajili ya ukuta utakaokufa Ijumaa? Mwaka mzima hatukuona ukuta wetu wowote ukifikisha siku ya sita. Leo nina chantier zangu, na hilo linanichoma kuliko mengine yote: mtu alikubali kuitwa mwalimu wa ujenzi, na hakutuonyesha hata mara moja kazi yetu ikiwa bado imesimama.

Kakule ndiye aliyefanya Ijumaa zile zivumilike. Alikuwa mrefu, na mdomo wake haukupumzika. "Banafunzi, tusimame dakika moja," Kakule alisema kila Maître alipogeuka. "Mutoto yangu amekufa tena. Vendredi iliyopita nilizika kaka yake." Wavulana walicheka mpaka wakaangusha miko. Mimi nilicheka kwa kufunika mdomo, na yeye aliniona. Tangu siku hiyo akawa sauti yangu. Nikiwa na swali la somo, nilimnong'oneza, naye alinyoosha mkono: "Maître, kuko mutu hapa anauliza, kama dirisha iko kubwa hivi, linteau ya juu yake itaingia ndani ya ukuta centimètre ngapi kila upande?" Maître alijua ni swali langu na alijibu akiniangalia mimi. Saa sita tulikula pamoja, Kakule na mimi, nyuma ya rundo la mchanga. Mama yake alimtumia viazi kutoka kwao, Kirumba, kila juma kwenye lori la wachuuzi, na mimi nilileta maharagi. Siku moja mvulana mmoja alileta chupa ya lotoko, pombe kali, kusherehekea pointi zake, na chupa ilizunguka. Ilipomfikia Kakule, aliipitisha kwangu bila kuionja, nami nikaipitisha mbele.

"Uko pasteur?" waliuliza.

"Ile kitu ilikula baba yangu," alisema. "Niliapa mbele ya mama, mbele ya padri, mbele ya batu bote ba sala. Mama yangu hapana mutu wa kucheza naye. Nikinusa tu, atasikia arufu kutoka Kirumba."

Walicheka tena, na chupa haikumrudia kamwe mwaka ule wote. Ninaandika jambo hili kwa kirefu kwa sababu kila mmoja wetu alikuwa pale. Kila mmoja alijua.

Nitakuwa mwongo mimi mwenyewe nisipoandika kwamba Maître alijua kazi ya kuchora. Alasiri za Jumatano hatukugusa udongo. Tulipasua mifuko ya simenti aliyoileta kutoka kwenye chantier zake, tukaikung'uta, tukachora plan upande wa ndani wa karatasi ile ya kahawia kwa penseli na rula ya mbao. Alitufundisha kuona nyumba kutoka juu, halafu kutoka mbele, halafu ikiwa imekatwa katikati kama mkate. Mkono wangu ni wa polepole, na kwa kuchora huo ndio mkono mzuri. Siku moja aliinua karatasi yangu juu, pignon ya darasa, ule ukuta wa kichwa cha nyumba unaopanda kama pembetatu mpaka kwenye paa, na kila tofali ilikuwa imechorwa mahali pake. "Muangalie," aliwaambia wavulana. "Huyu hapana anasemaka, mais mukono yake inasema kuliko midomo yenu yote. Kavira, ukipata brevet, unakuja kwa chantier yangu. Nimesema." Nilikaa na maneno hayo tumboni kama chakula. Sikulala vizuri kwa furaha. Ninataka msomaji ajue kwamba nilimpenda mtu huyu, kwa sababu bila hilo hataelewa jinsi alivyonipata kwa urahisi.

Miezi mitatu ya mwisho tulishuka Beni kujenga madarasa mawili ya shule ya primaire. Huo ndio uliokuwa mtihani wetu: anayemaliza chantier vizuri anapewa brevet, na bila brevet hakuna bwana wa kazi atakayekuita muashi, utabaki kubeba mchanga wa wengine. Kutoka baridi ya Butembo mpaka Beni ni safari fupi, lakini jua ni lingine. Tulifika tukiwa na makoti, na siku ya pili makoti yalikuwa mito ya kulalia. Wavulana walilala katika chumba cha shule ya watoto wadogo, miguu yao ikitoka nje ya mikeka midogo yenye picha za bata. Mimi, kwa kuwa nilikuwa msichana peke yangu, nilipewa stoo ya jikoni, kati ya gunia la unga wa muhogo na bidoni za mafuta ya ngazi, yale mekundu ya mawese. Kuta zake zilikuwa mbao zilizotengana, na upande wa pili ndipo ilipokuwa meza ya Maître. Nilisikia akila. Nilijua siku za nyama na siku za sombe, majani ya muhogo, kabla wavulana hawajajua kitu. Tofali zilikuwa zimeletwa kutoka kwenye tanuru moja kwa moja, nyepesi, nyekundu, zikilia kama sahani ukizigonganisha, na zilikaa juani siku nzima mpaka zikawa za kuunguza vidole. Tulifurahi. Hatukuwahi kushika tofali nzuri hivyo. Na kwa mara ya kwanza tulikuwa na simenti.

Siku ya tatu, mzee aliyetubebea maji, Papa Mbusa, alisimama nyuma yangu akiangalia ninavyofanya kazi. Alikuwa amesaidia waashi tangu ujana wake bila kupewa mwiko hata siku moja. Aliweka bidoni chini. Akachukua tofali moja, akamimina maji juu yake kwa kiganja, na maji yakaingia kwa sauti ndogo kama mtu anayemeza. Tofali ilikauka tena palepale.

"Umesikia?" alisema. "Iko na kiu. Ukiiweka hivi, itakunywa maji yote ya mortier yako. Simenti itabakia bunga. Binti, hizi tofali banazinyweshaka mbele. Pipa moja hapa, tofali inaingia, ikiacha kutoa mapovu unaitoa. Hapana kwenu banafanyaka hivyo?"

Nilitikisa kichwa kukataa. Nilijua palepale kwamba alisema kweli, kwa sababu mortier yangu ya asubuhi ilikuwa inavunjika kwenye kucha. Mimi ndiye niliyeambiwa. Si Kakule. Lakini kwenda kwa Maître na kumwambia kwamba mbeba maji amemsahihisha, hilo lilikuwa kubwa mno kwangu, basi nikafanya kama kawaida: nilimnong'oneza Kakule. Naye, kama kawaida, alinyoosha mkono, juu ya kiunzi, mbele ya watu wote.

"Maître, tofali iko na kiu. Tuweke pipa ya maji, tuzinyweshe mbele ya kujenga?"

Maître alikuwa anaongea na mama mmoja wa komite ya wazazi. Aligeuka polepole. "Nani ni mwalimu hapa?"

"Ni weye, Maître. Mais ukishika hii mortier ya asubuhi..."

"Ulisomea wapi kunywesha tofali? Kuko diplôme yake? Kesho utaniambia tuzipatie na bugali." Wavulana walicheka, na yule mama akacheka. "Kakule, mwaka muzima umejenga na tofali bila kuzinywesha. Ukuta moja ilianguka?"

"Hapana ilipata nafasi ya kuanguka, Maître. Tulikuwa tunaziua mbele."

Walicheka zaidi, na safari hii walimcheka Maître. Niliona uso wake. Ulifungika kama mlango. Pipa halikuletwa, na tukaendelea miezi miwili na nusu kuweka tofali kavu chini ya jua lile. Pignon ya darasa la pili ilipanda kwa mchoro wangu. Kakule na wengine wanne waliijenga, na mimi nilipima. Nilipita chini yake kila siku. Kila siku nilikuwa na mdomo.

Ilianguka Jumamosi alasiri, upepo wa kwanza wa mvua ulipofika. Hakukuwa na kelele kubwa. Ilijiinamia kwa ndani, nzima, kama mtu anayepiga magoti, na halafu vumbi. Wazazi walikuwa wameleta madawati Ijumaa na kuyapanga, kwa sababu Jumatatu watoto wa mwaka wa tano walikuwa waingie. Yote yaliyokuwa upande ule yalikuwa vipande. Mtoto hakuwamo hata mmoja, kwa sababu ilikuwa Jumamosi. Kwa sababu hiyo tu. Nilikwenda na kuinua tofali moja, halafu nyingine. Zilikuwa safi. Hakukuwa na alama ya simenti kwenye nyuso zake, ungesema zimetoka tanuruni jana, na chini yake palikuwa na unga wa kijivu ambao upepo ulikuwa unaubeba. Papa Mbusa alisimama na kofia mkononi kama kwenye mazishi. Aliniangalia tu, akaenda kuchukua bidoni zake.

Jumatatu mchana alikuja inspecteur, mtu wa Kasai aliyetumwa kwetu na serikali, mwenye suti na viatu vya kung'aa ambavyo vumbi la Beni lilikuwa limevishinda. Maître alimchinjia mbuzi. Mimi nilikuwa stooni, nikipakia nguo zangu, na walikula upande wa pili wa mbao. Nilikaa juu ya gunia la unga bila kusogea.

"Cher ami," inspecteur alisema, "mimi naona tofali zilikuwa sèches. Kavu kabisa. Hii hata mtoto wa sekondari, wa humanités techniques, anajua."

"Ninajua," Maître alisema. Nilimsikia akivunja mfupa. "Kule centre hatuzilowanishake. Maji iko mbali, na ukuta ya mazoezi inabomolewa vendredi. Nilisahau hapa iko joto. Nilisahau tu, chef. Mutu mmoja aliniambia, mais aliniambia vibaya."

"Donc, niandike hivyo?"

Wali ulikuwa unakwanguliwa chini ya sufuria.

"Ukiandika hivyo, banafunga centre. Banafunzi kumi na tano, bote bila brevet. Chef, andika kuko kijana mmoja alichanganya mortier vibaya. Alikuwa amelewa. Eko na mudomo mubaya, hapana heshima. Banafunzi batasaini."

"Wote?"

"Bote. Kuko tu mmoja mwenye akili, na ule hapana anasemaka."

Nilielewa kwamba nilikuwa mimi. Nimesikia maneno mengi mabaya katika maisha yangu, kwenye chantier mwanamke anasikia mengi, lakini hayo ndiyo ninayobeba mpaka leo. Alikuwa amenipima, kama anavyopima ukuta kwa timazi, akajua sitapinda upande wowote.

Walipomaliza kula, karatasi ya inspecteur ilikuwa mezani, chini ya mwiko ili upepo usiichukue. Maître alituita mmoja mmoja. Kakule alikuwa amewekwa nje, chini ya dirisha lisilo na mbao, na aliona yote. Wavulana walisaini haraka, mikwaruzo tu, wakatoka bila kumwangalia. Mmoja alijaribu kusema, "Mais Maître, Kakule hapana anakunywaka," na Maître akamjibu kwa upole, "Unataka brevet yako ao unataka ya Kakule?" Akasaini. Nilipofika mimi, nilisoma karatasi yote, na hiyo ilichukua muda. Ilisema kwamba pignon ilipandishwa na Kakule, kwamba yeye ndiye aliyepima simenti, kwamba alikuwa katika hali ya ulevi. Maître alinipa kalamu. Mimi siandiki mkwaruzo; sikufundishwa mkwaruzo. Ninaandika jina langu lote, herufi moja baada ya nyingine, kama katika daftari la primaire. Nilianza K. Nilikuwa na nafasi ya kuacha. Niliandika a. Mlango ulikuwa wazi nyuma yangu. Niliandika v, na mkono wangu ulikuwa unaandika vizuri.

"Kavira," Maître alisema, "ni jina tu, hapana kitabu."

Wengine walisaini kwa sekunde mbili, na mtu anaweza kufanya ubaya kwa sekunde mbili bila kujua. Mimi nilipewa muda kuliko wote. Niliutumia kupamba herufi.

Nilipotoka, Kakule aliniuliza, "Na weye?" Nilitikisa kichwa kukubali. Alisema, "Bon." Alichukua begi lake, akaenda barabarani kutafuta lori. Baadaye nilisikia kwamba Maître hakutosheka na karatasi. Alikwenda Kirumba mwenyewe, akaketi kwa mama yake Kakule, mbele ya watu wa sala, akamwambia kwa sauti ya huzuni kwamba mtoto wake alikuwa amelewa kazini na karibu aue watoto wa watu. Alifanya hivyo ili Kakule akisema kweli, asipate hata mtu mmoja wa kumsikiliza, hata mama yake mwenyewe. Sisi kumi na wanne tulipewa brevet zetu katika sherehe, na kulikuwa na fanta. Sikuenda kwa chantier yake. Watu wananisifu kwa hilo wakisikia, na ninawakataza, kwa sababu kukataa kazi ya mtu baada ya kusaini uongo wake si ushujaa wowote. Brevet niliichukua. Imenilisha. Katika chantier zangu kuna pipa la maji kabla ya kuwa na kitu kingine, na mfanyakazi anayeweka tofali kavu ninamfukuza siku hiyohiyo, na wananiita mwanamke mkali. Hawajui ukali huo ni wa nani.

Kesho yake baada ya kuondoka matangani, nilikaa na karatasi kuanzia asubuhi mpaka saa nane. Niliandika kwamba ninaondoa saini yangu, na sababu. Niliipeleka centre. Directeur wa sasa ni kijana, hakuwapo wakati ule. Alisoma mpaka mwisho, akavua miwani.

"Madame Kavira, katika siku za matanga? Marehemu hawezi kujibu tena."

"Kakule pia hapana alijibu," nilisema. "Alikuwa muzima, na hamukumuuliza."

"Mais dossier ilifungwa zamani. Utafungua nini?"

Sauti iliyotoka kwangu sikuijua. Nilimwambia kwamba nimeijengea shule yake choo na jiko, na nitarudi kila asubuhi, na nitaketi pale mlangoni mbele ya wazazi wanaoleta watoto kuandikishwa, na nitawasomea. Alipiga muhuri wa kupokea kwenye nakala yangu ya pili. Hakuniahidi kitu. Niliichukua hiyo ya pili, nikapanda gari ya Kirumba.

Nilimkuta Kakule kando ya barabara akipakia viazi kwenye lori, amenenepa, ana mvi mbili tatu. Siku za kiangazi anajenga, alinieleza, kama msaidizi, na wenye brevet wanaokuja kumsimamia anawafundisha wao. Alisema hivyo bila uchungu, kama mtu anayesema bei ya gunia. Alisoma karatasi yangu akiwa amesimama, akaikunja vizuri, akanirudishia.

"Hii ni ya bureau," alisema. "Bakinipa brevet, nitaipokea, hapana nitakataa. Mais hapana nilikungojea juu ya brevet."

"Ulikuwa unaningojea?"

"Miaka kumi na tano, Kavira. Ulikuwa mutu mmoja tu wa kungojea. Bale wengine banajua kusahau." Aliwapa wapakiaji ishara waendelee. "Mama yangu hapana anasomaka. Maître alimuambia na mudomo. Kuja umuambie na mudomo."

Nilisema nitamwandikia barua, mtu amsomee. Aliniangalia mpaka nikaacha kusema.

Mama Kakule alikuwa ndani, kwenye kiti kifupi karibu na mlango, akichambua maharagi kwenye ungo. Amezeeka, lakini mikono yake ilikuwa inakimbia. Chumba kilikuwa na harufu ya moshi na viazi vibichi. Nilipiga magoti kama inavyofaa mbele ya mama wa mtu, na nikasahau jina langu. Kakule alisimama mlangoni, mwanga ukapungua, na hakunisaidia. Kwa mara ya kwanza hakunisaidia.

"Mama," nilisema, "mimi ni Kavira. Nilisoma na Kakule kule Butembo."

"Ninakujua. Ni weye ulikulaka viazi yangu."

Nilimwambia. Nilianza kwa ukuta na nikaharibu, nikaanza tena kwa tofali na Papa Mbusa, kwa kiu ya tofali, kwa kunong'ona. Nilimwambia nilichosikia nikiwa juu ya gunia la unga. Nilimwambia juu ya karatasi, na kwamba niliisoma yote kabla ya kusaini. Sikumwambia kwamba nilikuwa na miaka kumi na tisa. Vidole vyake viliendelea kutenga mawe na maharagi, halafu vikapunguza mwendo, halafu vikasimama juu ya ungo.

"Hakukunywa," alisema.

"Hapana, mama. Hata siku moja. Chupa ilipita mbele yake nikiwa ninaona, alinipa mimi."

Nje lori liliwashwa, likaondoka, na kelele zake zilichukua muda mrefu kuisha. Hakuniangalia. Aliinua uso upande wa mlango.

"Kakule."

"Mama."

"Siku ile Maître alitoka hapa. Nilikuuliza?"

"Uliniuliza, mama."

"Ulinijibu nini?"

"Nilisema hapana nilikunywa."

"Ulisema mara ngapi?"

Kakule alishika fremu ya mlango kwa mkono mmoja. Niliona kwamba hakutaka kujibu, na kwamba mama yake hangemwachilia.

"Mara ngapi, Kakule?"

"Mpaka nilichoka, mama."